Baada ya sindano ya mwisho ya homoni: jinsi mwili wangu ulivyorudi, na jinsi ulivyochelewa kurudi

Mwanzisha uzi

Ndugu zangu,

Nina umri wa miaka 66. Nilitibiwa saratani ya tezi dume kwa mionzi pamoja na sindano za homoni, sindano sita za miezi mitatu mitatu, na sasa imetimia miezi 22 tangu nichomwe ile ya mwisho. Nafungua uzi huu kwa sababu karatasi zote nilizopewa zilieleza jinsi sindano zinavyofanya kazi na madhara yatakayonipata, lakini hapakuwa na hata ukurasa mmoja ulionieleza nitakavyorudi. Siku ya mwisho muuguzi alinipongeza, akafunga faili, nami nikatoka nje nikiamini kwamba baada ya wiki chache nitakuwa mtu yule yule wa zamani. Haikuwa hivyo, na kwa kutojua nilitumia karibu mwaka mzima nikihuzunikia jambo ambalo lilikuwa likienda kwa mwendo wake wa kawaida.

Nieleze kwanza kwa nini mwili huchelewa, maana nilipolielewa hili hasira zangu nyingi zilitulia. Mwaka 1941 Charles Huggins na Clarence Hodges walionyesha huko Chicago kwamba saratani ya tezi dume hustawi kwa homoni za kiume, na kazi hiyo ndiyo iliyompatia Huggins Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Tangu wakati huo shabaha ya tiba ya homoni ni kuikausha testosteroni, homoni kuu ya kiume. Zamani korodani ziliondolewa kwa upasuaji. Sindano nyingi za leo, kama goserelini na liuprorelini, hufika mahali pale pale kwa njia ya kuzunguka. Kwa kawaida ubongo huipelekea ishara kwa vipindi tezi ya pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo ambayo huziamuru korodani kutengeneza testosteroni: ishara kisha kimya, ishara kisha kimya. Sindano huleta ishara isiyokatika, na pituitari, kama sikio lililopigiwa ngoma mfululizo, mwishowe huziba. Ndiyo maana siku za mwanzo testosteroni hupanda badala ya kushuka, na wengi wetu tulipewa vidonge vya bikalutamidi kwa wiki chache ili kukinga kishindo hicho. Baada ya hapo huanguka hadi chini ya nanogramu 50 kwa desilita ya damu, ilhali mwanamume mwenye afya huwa na mamia kadhaa.

Safari ya kurudi hupita njia hiyo hiyo kinyumenyume, nayo ina vituo. Kwanza dawa yenyewe lazima iishe mwilini, na sindano ya miezi mitatu haiishi siku ya tisini kama taa inayozimwa. Huendelea kuchuruzika kwa wiki nyingi zaidi. Kisha pituitari lazima isikie tena ishara za ubongo. Kisha korodani, ambazo zimekaa bila kazi na zimesinyaa, lazima ziitikie. Wanaume waliochomwa kwa miezi 6 tu, wengi wao testosteroni hurudi katika kipindi cha mwaka mmoja hivi. Waliokaa kwenye sindano kwa miezi 18 hadi 36, kama wanavyopangiwa wenye saratani ya hatari kubwa, husubiri zaidi, na wapo, hasa wenye umri mkubwa au waliokuwa na kiwango cha chini tangu kabla ya tiba, ambao hawarudi tena pale walipokuwa. Aina ya dawa nayo ina uzito wake. Katika jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2020, miongoni mwa waliofuatiliwa baada ya kuacha dawa, asilimia 54 ya waliotumia vidonge vya relugoliksi walikuwa wamerudia kiwango cha kawaida siku 90 baada ya kuacha, ilhali kwa waliochomwa liuprorelini ni asilimia 3 tu. Namba hiyo ya 3 ilinifariji kuliko maneno yote ya faraja niliyowahi kuambiwa. Mimi sikuwa mgonjwa wa ajabu. Nilikuwa kwenye foleni pamoja na wenzangu karibu wote.

Kosa lililonigharimu ni kuhesabu kutoka tarehe ya sindano ya mwisho. Nilipofika mwezi wa tano nikiwa bado mchovu, nilikata tamaa, wakati kwa hesabu sahihi, ile inayoanza dawa inapokoma kufanya kazi, nilikuwa nimeanza juzi tu. Kosa la pili halikuwa langu peke yangu. Kliniki niliyokuwa nikihudhuria ilipima PSA, yaani protini ya damuni inayotengenezwa na tezi dume, kila mara lakini haikupima testosteroni hadi nilipoomba mwenyewe. Ombeni. PSA inaeleza habari za saratani, testosteroni inaeleza mko kituo gani katika safari ya kurudi, na kimoja hakiwezi kujibu swali la mwenzake. Kipimo hufanywa asubuhi, wakati homoni hiyo huwa juu. Changu kilikuwa 41 mwezi wa sita, 160 mwezi wa kumi na moja, na 310 mwezi wa kumi na tano.

Sasa nieleze fukuto, kwa kuwa ndilo lililonisumbua mapema zaidi na ndilo lililoniaga la kwanza. Lilikuwa likianzia chini kidogo ya mfupa wa kifua, mahali padogo pa ukubwa wa kiganja, kisha likipanda shingoni hadi masikioni, na kabla sijaketi sawasawa kitandani fulana ilikuwa imeshalowa mgongoni. Dakika tatu au nne baadaye jasho lile lile lilikuwa baridi na mimi nikitetemeka. Mke wangu aliweka taulo mbili kwenye kiti upande wangu wa kitanda, moja ya kulalia na moja ya kujifutia, nasi tukajifunza kubadilisha shuka gizani bila kuwasha taa ili usingizi usipotee kabisa. Nilikuwa nikiandika idadi yake kwenye daftari. Wakati wa tiba nilifika mara kumi na moja kwa siku, mwezi wa nane baada ya sindano zikawa nne, na mwezi wa kumi na mbili nikakaa wiki nzima bila kuandika chochote.

Wasiomudu kusubiri wasione aibu kuomba dawa. Utafiti wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 2010 ulilinganisha venlafaksini, ambayo ni dawa ya sonona, na medroksiprojesteroni na siproteroni. Zote tatu zilipunguza mafukuto, mbili za mwisho zaidi, ingawa hizo mbili nazo ni homoni, hivyo uamuzi ni wa daktari anayeijua saratani yako. Gabapentini hutumika pia. Mimi nilitumia venlafaksini kwa miezi saba na haikuyamaliza, ila iliyapunguza kiasi cha kunipa saa tano za usingizi mfululizo, na kwa mtu aliyekuwa akiamka kila saa, hiyo ilikuwa zawadi kubwa.

Uchovu na misuli vilichelewa zaidi. Mazoezi nitamwachia mtaalamu akipita hapa, lakini nawapa kipimo kimoja cha nyumbani. Keti kwenye kiti kigumu, kunja mikono kifuani, kisha simama na kuketi kwa sekunde 30 huku ukihesabu. Mwanamume wa miaka 65 hadi 69 kwa kawaida hufika kati ya mara 12 na 18. Siku niliyojaribu mara ya kwanza nilifika 8, na ya nane nilisimama nikiwa nimeegemea meza kwa ubavu. Nilikaa pale nikitazama mapaja yangu, ambayo suruali ilikuwa ikipwaya juu yake wakati kiunoni ilikuwa hainitoshi. Hivyo ndivyo sindano hizi zinavyofanya: hupunguza nyama, huongeza mafuta, na mizani inaweza isionyeshe jambo lolote kwa kuwa kimoja kimechukua nafasi ya kingine.

Mambo ya ndoa nitayaandika nikiulizwa. Nasubiri maswali.

Mchangiaji wa 2

Shikamoo mzee wetu, na pole kwa uliyoyapitia. Mimi ni mke wa mgonjwa. Mume wangu amemaliza sindano miezi minne iliyopita. Naweza kuvumilia mafukuto na uchovu wake. Kinachoniumiza ni kwamba amekuwa mtu wa kulia kwa mambo madogo, kisha hukaa kimya siku mbili, na nikimgusa bega anajitoa. Nashindwa kujua kama ni dawa, ni mimi, au ni hofu ya ugonjwa kurudi. Je, huku nako kuna kurudi?

Mwanzisha uzi

Marahaba, mama. Naomba nikujibu kwa urefu, kwa kuwa swali lako ndilo ambalo mke wangu hakupata mtu wa kumuuliza.

Kulia ni dawa, kwa sehemu kubwa. Testosteroni ikianguka, hisia hupoteza breki. Mimi nimewahi kulia kwa sababu mtoto wa jirani alinisalimia kwa heshima. Hofu ya ugonjwa ipo pia, na dawa huifanya iwe nzito zaidi. Hali hii kwa wengi hupungua homoni inaporudi, lakini ikiwa huzuni inadumu mchana kutwa kwa zaidi ya wiki mbili, ikiwa amepoteza hamu ya kila alichokipenda, au akitamka maneno ya kutotaka kuishi, usisubiri homoni. Sonona ni miongoni mwa madhara yanayojulikana ya tiba hii, na inatibika kwa dawa na kwa mazungumzo na mtaalamu wa afya ya akili, kama inavyotibika kwa mtu mwingine yeyote.

Ama kujitoa ukimgusa bega, hapo nitasema yangu tu. Nilijitoa vile vile, na haikuwa kwa kumchoka mke wangu. Kila mguso wake niliusikia kama swali ambalo sikuwa na jibu lake. Nilidhani akinishika anatarajia jambo fulani, na kwa kuwa sikuwa na uwezo wala hamu, niliona afadhali nisiguswe kabisa. Tuliishi hivyo karibu mwaka. Kilichotuokoa ni sentensi moja aliyoisema tukiwa tumekaa, si kitandani: "Nikikushika mkono nataka mkono tu." Tangu siku hiyo tuliweka makubaliano kwamba mguso ni mguso na haudai kingine, na nilishangaa jinsi nilivyokuwa na kiu nao. Jaribu kumwambia hivyo kwa maneno yako, na umwambie mchana.

Kuhusu tendo lenyewe kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Hamu ni kazi ya testosteroni, nayo hurudi polepole kadiri homoni inavyopanda. Uume kusimama hutegemea pia mishipa ya fahamu na ya damu, ambayo mionzi au upasuaji huenda viliijeruhi, kwa hiyo hamu inaweza kurudi kabla ya uwezo, na kipindi hicho kinaumiza kuliko kile cha kutokuwa na hamu kabisa. Tena uume usiosimama kwa miezi mingi hupoteza unyumbufu wa nyama yake na huweza kufupika. Kwa sababu hiyo madaktari wengi hupenda mgonjwa aanze mapema, bila kungoja homoni irudi, kwa sildenafili au dawa za jamii yake, au kwa pampu ya kuvuta damu, na kwa wengine kwa sindano ya kwenye uume wenyewe. Mwenye kutumia dawa za moyo za jamii ya naitreti asiguse sildenafili, kwa kuwa shinikizo la damu linaweza kuanguka kwa kiwango cha kuua. Mimi nilianza pampu mwezi wa tisa, nikiwa na testosteroni ya chini bado, kwa ajili ya kutunza mwili tu, kama mtu anavyonyoosha mguu uliotoka kwenye plasta.

Mwezi wa kumi na nne, alfajiri moja, niliamka nikakuta mwili umeamka kabla yangu. Sikumwamsha mke wangu. Nililala nikitazama dari hadi kulipopambazuka, nikamweleza wakati wa kifungua kinywa, naye akaweka kikombe chini na kunishika mkono. Nalitaja hili kwa kuwa najua wapo wanaosoma wakiwa katika mwezi wa sita au wa saba na wamekwisha kujizika.

Mchangiaji wa 3

Naomba kuchangia kama mtaalamu wa fiziotherapia. Mzee amenikaribisha kwenye mazoezi, nami nitasema jambo moja kwa msisitizo: kutembea ni kuzuri kwa moyo na kwa sukari, lakini hakutoshi kurudisha misuli iliyoliwa na tiba ya homoni. Misuli hutaka uzito. Katika utafiti uliofanyika Kanada na kuchapishwa mwaka 2003, wanaume 155 waliokuwa kwenye tiba ya homoni waligawanywa, sehemu moja wakafanya mazoezi ya kuinua uzito mara tatu kwa wiki kwa wiki 12, na sehemu nyingine wakasubiri. Waliofanya mazoezi hawakusumbuliwa na uchovu kama waliosubiri, hali yao ya maisha ikawa bora na nguvu za misuli zikaongezeka, nao walikuwa bado wanachomwa sindano. Hii ina maana kwamba hakuna haja ya kungoja testosteroni ipande ndipo uanze.

Ninapomwanzisha mgonjwa, huanza na ile ile ya kusimama kutoka kitini, kusukuma ukuta kwa mikono, kuinua visigino akiwa ameshika kitu, na kuvuta mpira wa mazoezi kuelekea kifuani. Uzito uwe wa kumwezesha kurudia mara 8 hadi 12, zile mbili za mwisho ziwe ngumu, na kila wiki mbili aongeze kidogo. Asiyeongeza habadiliki. Tahadhari yangu ni kwa wale ambao saratani imefika kwenye mifupa: wasianze bila daktari kueleza ni mifupa ipi, kwa sababu mazoezi yao hupangwa kwa kukwepa sehemu hizo. Maumivu mapya ya mgongo, hasa yakiambatana na miguu kulegea, ganzi au kushindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, si maumivu ya mazoezi; ni dharura ya siku hiyo hiyo, kwa kuwa uti wa mgongo unaweza kuwa umebanwa.

Mwanzisha uzi

Ahsante sana, mtaalamu. Nilifanya karibu hayo hayo, na leo kiti changu kinasoma 15. Umenikumbusha mifupa, ambayo nilikuwa nimeisahau kwa sababu haisemi.

Wengi hawajui kwamba mfupa wa mwanamume hutunzwa kwa kiasi kikubwa na estrojeni, ambayo mwili wetu huitengeneza kutoka katika testosteroni. Testosteroni ikikauka, estrojeni hukauka nayo, na hapo ndipo mifupa hupungua na mafukuto huzidi. Kwa sababu hiyo watafiti wa Uingereza, tangu mwaka 2006, wamekuwa wakijaribu kutibu saratani hii kwa viraka vya estrojeni vinavyobandikwa kwenye ngozi, ambavyo hushusha testosteroni huku vikiiacha mifupa salama zaidi na mafukuto yakiwa machache, ingawa matiti huvimba kwa wengi. Kwa sisi tuliochomwa sindano, upungufu mkubwa wa mifupa hutokea mwaka wa kwanza, kimya kimya, na wa kwanza kuugundua mara nyingi ni nyonga au kifundo cha mkono kinachovunjika kwa kuteleza kidogo tu.

Ombeni kipimo cha msongamano wa mifupa. Mimi nilipimwa nikiwa nimeshamaliza tiba, jambo ambalo lilipaswa kufanyika mwanzoni ili kuwe na namba ya kulinganisha, na ndiyo lalamiko langu la pili kwa kliniki yangu ya wakati ule. Nilishauriwa kalsiamu ya miligramu 1,000 hadi 1,200 kwa siku, chakula kikihesabiwa humo, pamoja na vitamini D. Walioandikiwa dawa za kuimarisha mifupa wamwone daktari wa meno kwanza, kwa kuwa kung'oa jino katikati ya dawa hizo kunaweza kuacha kidonda cha taya kisichopona. Na waliopewa denosumabu, ile sindano ya kila miezi sita, wasiiache kwa kukosa tu miadi. Ikiachwa bila dawa nyingine ya kuipokea, mifupa huporomoka kwa kasi na pingili za mgongo huweza kuvunjika.

Sukari, lehemu na shinikizo la damu pia vipimwe hata baada ya tiba kuisha. Sukari yangu ilikuwa imepanda hadi mlangoni mwa kisukari, ikashuka pamoja na kiuno. Na ule upungufu wa damu uliokuwa ukinifanya nihemee kwenye ngazi ulijirekebisha testosteroni iliporudi, bila vidonge vya madini ya chuma, maana haukusababishwa na ukosefu wa chuma.

Mchangiaji wa 4

Mzee, mimi nimemaliza mionzi na homoni kama wewe. PSA yangu ilikuwa 0.1 kwa muda mrefu, mwezi uliopita ikawa 0.4 na wiki hii ni 0.6. Sijalala. Ninachofikiria ni kwamba imerudi. Kuna mtu amenishauri pia nitafute testosteroni ya kupaka ili nipate nguvu haraka, nikaona niulize kwanza.

Mwanzisha uzi

Umefanya vyema kuuliza, kaka, na nitaanza na lile la pili kwa kuwa lina hatari. Usipake wala usichome testosteroni kwa ushauri wa mtu asiyekuwa daktari wa saratani yako. Wapo wanaume wachache ambao homoni haikurudi kabisa, saratani yao imetulia kwa miaka, na madaktari wao wamekubali kuwarudishia kwa uangalifu huku wakipima PSA mara kwa mara. Ni uamuzi wa mezani, wenye vipimo mbele. Dawa za kuongeza nguvu zinazouzwa bila maelezo ya kilichomo ni mbaya zaidi, maana huwezi kujua kama ndani yake mna homoni.

Kuhusu PSA, nisikilize vizuri. Aliyetibiwa kwa mionzi bado ana tezi dume yake, na seli zake zilizo salama hutengeneza PSA zinapopata testosteroni. Wakati wa sindano zilikuwa zimelala. Homoni ikirudi huamka nazo, na PSA hupanda kidogo. Yangu ilitoka 0.1 ikafika 0.7, ikasimama hapo, na sasa ni 0.5. Kigezo kinachotumiwa tangu mwaka 2006 kusema saratani imerudi baada ya mionzi ni PSA kupanda kwa 2 juu ya kiwango chake cha chini kabisa, na wewe uko mbali na hapo. Aliyeondolewa tezi kwa upasuaji ana hesabu nyingine kabisa, kwa sababu hana tezi ya kutengeneza PSA. Muulize daktari wako maswali matatu: testosteroni yangu ilikuwa ngapi siku hiyo hiyo ya kipimo, PSA inapanda kwa kasi gani, na tutapima tena lini. Bila testosteroni pembeni yake, hiyo 0.6 ni nusu ya habari. Sikuambii kwamba hakuna kitu, kwa sababu sijui faili lako; nakuambia kwamba kupanda huku, kwa kiwango hiki na kwa wakati huu, kuna maelezo ya kawaida, na unaweza kulala usiku wa leo.

Mchangiaji wa 5

Wengine hatuna sindano ya mwisho. Yangu imefika kwenye mifupa na nimeambiwa dawa ni za maisha. Nasoma uzi huu kama mtu anayetazama wenzake wakishuka kwenye basi. Kuna la kwetu humu?

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, nimelisoma swali lako mara kadhaa kabla ya kujibu, na nakuomba radhi kwamba nilianza uzi kana kwamba wote tunashuka kituo kimoja.

Lipo la kwenu, na ni kubwa. Yale mazoezi ambayo mtaalamu ameyataja yalipimwa kwa watu waliokuwa bado kwenye sindano, na manufaa hayakuwa ya wale tu waliotarajiwa kupona. Dawa za mafukuto, kinga ya mifupa, pampu, matibabu ya sonona, uangalizi wa sukari na moyo, hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachongoja tiba iishe. Ukweli ni kwamba ninyi mnavihitaji kuliko sisi, na mnapaswa kuvidai kwa sauti zaidi, kwa kuwa mtaishi na madhara haya muda mrefu zaidi. Ikiwa matiti yanauma au yanavimba, sema mapema, maana tamoksifeni au mionzi kidogo ya kifuani husaidia zaidi kabla hayajakomaa kuliko baadaye.

Unaweza pia kumuuliza daktari kuhusu tiba ya vipindi, yaani kusimamisha sindano PSA ikishuka vya kutosha na kuanza tena ikipanda. Kwa wale ambao PSA yao ilipanda baada ya mionzi bila saratani kuonekana kwingine, jaribio lililochapishwa mwaka 2012 halikuonyesha kwamba walioachishwa kwa vipindi waliishi muda mfupi zaidi. Kwa walio na saratani iliyosambaa kama wewe, matokeo ya mwaka 2013 hayakuweza kuthibitisha usalama huo, hivyo wengi huendelea mfululizo. Nakuambia yote mawili ili usiingie chumbani kwa daktari na tumaini ambalo nimelipaka rangi mimi. Kama unapenda, andika hapa ni dhara lipi linalokutesa zaidi wiki hii, tuanze na hilo moja.

Mchangiaji wa 5

Usingizi. Mafukuto ya usiku, mara sita au saba.

Mwanzisha uzi

Basi tuanze na usingizi. Usiku wa leo weka daftari na kalamu kando ya kitanda, uandike saa ya kila fukuto na ulichokuwa umekula au kunywa jioni. Kwa wengi, kinywaji cha moto, pombe na pilipili huyachochea. Lalia nguo nyepesi ya pamba, shuka mbili nyembamba badala ya blanketi moja zito, na taulo karibu. Fanya hivyo kwa siku saba, kisha mpelekee daktari ukurasa huo na umuulize kuhusu venlafaksini au gabapentini, ukimtajia dawa zako nyingine zote, za shinikizo la damu hasa. Mgonjwa anayesema "nasumbuliwa na joto" huambiwa avumilie. Anayeweka mezani karatasi yenye mafukuto 45 kwa wiki hupata dawa. Mimi niliambiwa nivumilie mara mbili, na mara ya tatu nilikwenda na daftari.

Nami nitakuwa hapa siku ya nane kukuuliza umehesabu ngapi.